Jante Iliyojibiwa

Siku ile koko aliponiambia niweke chuma chini, nisingeweza kumkatalia. Nilikuwa na miaka kumi, yeye alikuwa bibi yangu, na kwetu hakuna mtoto aliyethubutu kumbishia mzee. Lakini chuma kilikuwa mkononi mwangu, si mkononi mwake, kwa hiyo sitaki kumtupia lawama. Yeye amekwisha kupumzika. Mimi ndiye ninayeendelea kusikia.

Nasikia karibu kila asubuhi. Jirani na nyumba yangu hapa Butembo kuna shule ya msingi ambayo kengele yake ni jante, yaani chuma cha gurudumu la lori, iliyotundikwa mtini. Umeme ukiwa umekatika, na majenereta ya mtaani hayajaanza kunguruma, mlio ule unanifikia kitandani ukiwa mtupu kabisa. Hapo harufu ya viazi vya kuchoma inanijaa puani, ingawa hakuna anayechoma kitu.

Nilizaliwa juu, upande wa Masereka, mahali ambapo ukungu hupanda kutoka bondeni mchana haujaisha, polepole, kama mtu anayerudi kwake. Baba alikuwa mtunzaji wa mashine ndogo ya umeme ya mapadri, kule chini mtoni. Waya ulipanda mlima hadi kanisani, na nguzo ya mwisho ilisimama mbele ya nyumba yetu ikiwa na balbu kubwa. Ukungu ulipoanza, baba aliiwasha. Watu waliotoka mashambani, na wale waliopanda kutoka barabara ya magari, waliifuata, maana njia ilipita ukingoni mwa korongo. Koko peke yake hakuipenda. Alisema moto usiopasha mutu si moto, na balbu ya chumbani kwake aliifunika kwa kitambaa ili isimwangalie akibadili nguo.

Halafu ukaja upepo. Ulivuma alasiri moja tu, lakini uliangusha mikaratusi yote ya mteremko wa kanisa, ile iliyopandwa juu ya makaburi ya watu wa zamani. Mizizi ilibaki imesimama juu na udongo wake mwekundu, na chini yake mashimo. Koko alitukataza kuchungulia humo. Nguzo tatu zilivunjika, waya ukalala ndani ya mashamba ya ngano, na tukaingia katika giza lililochukua miezi miwili.

Tulizoea upesi kuliko nilivyotazamia. Mama alirudia pasi ya makaa. Tulikula mapema, jua lingali juu. Redio ya baba ilifunikwa kwa shuka mezani, na mimi nilipita mbali nayo kwa sababu ilifanana na mtu aliyelazwa. Koko ndiye aliyenenepa siku zile, kwani moto ulikuwa umerudi mikononi mwake na sote tulilazimika kumwomba kila kitu.

Ukungu tu ndio haukuwa na dawa. Katekista akaleta jante, akaitundika kwenye nguzo iliyokufa mbele yetu, na kazi ya kuipiga kwa kipande cha chuma ikawa yangu. Nilipiga mara tatu, nikanyamaza kwa muda wa Salamu Maria moja, nikapiga tena mara tatu, hadi mtu wa mwisho aingie. Mtu aliyepotea alitakiwa ajibu kwa kugonga chochote alichobeba, ili nijue sijaachwa peke yangu na nisichoke. Kaka yangu mkubwa, Paluku, ndiye aliyenifundisha kipimo kile, akinizuia mkono kila nilipoiharakisha sala. "Maliza amina kwanza, Kambale," alikuwa akisema. "Mungu hana mbio."

Wiki ya tatu baba alishuka Butembo kutafuta vikombe vya kaure vinavyoshika waya juu ya nguzo. Alimchukua Paluku ambebee mzigo, na mama pia, maana siku zake za kuzaa zilikuwa zimekaribia. Nyumbani tulibaki koko, mimi na Masika, dada yetu mwenye miaka sita. Wasafiri wote watatu tuliwatazamia warudi Jumamosi.

Alhamisi ukungu ulikuja mnene, mweupe, wa kulowesha nyusi. Nilipiga. Watu walitokea mmoja mmoja, vichwa kwanza halafu miguu. Jirani yetu alipita na jembe begani akanitania: "Kambale, piga na nguvu. Ama leo koko alikunyima chakula?" Koko aliwahesabu kutoka mlangoni kama alivyohesabu kuku. Wa mwisho akaingia. Viazi vilikuwa vimeiva ndani ya majivu. Nikapiga mara ya mwisho, kwa raha tu, na kwa mazoea nikaanza Salamu Maria.

Nilipofika mwisho wake, ukungu ulijibu. Mara tatu. Sauti nyembamba, ya bati.

Mwangwi wa kwetu niliujua. Hurudi papo hapo, na hurudi na sauti ileile. Hii haikuwa yangu. Nikapiga tena, nikangoja. Mara tatu tena, lakini sasa kutoka kushoto, ambako hakuna nyumba.

Koko alikuja akasimama nyuma yangu.

"Batu bote beko mu nyumba," alisema polepole. "Sasa ile ni nani?"

"Pengine ni mutoto anacheza, koko."

"Mutoto wa nani? Nimehesabu." Alinishika kiwiko, na vidole vyake vilikuwa baridi. "Ni bale benye miti yabo ilianguka. Banatafuta fasi ya kulala, na weye unabaonyesha mulango wetu. Weka chini."

Masika alitokeza kichwa mlangoni, kiazi mkononi. "Koko, ule mutu anauliza njia."

"Nyamaza weye," nilimwambia. Ni mimi niliyesema, si koko.

Nikaweka chuma chini. Niliogopa, ndiyo, lakini nitaandika yote: vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, na njaa ilikuwa inaniuma. Nilifurahi kwamba mkubwa ameniamuru. Tukafunga mlango tukaketi motoni.

Bati liliendelea. Mara tatu, kimya, mara tatu. Bila kutaka nilikuwa nasali kimoyomoyo, na kila nilipofika amina, liligonga. Nililiona jambo lile. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuona jambo na bado akamenya kiazi chake. Sauti ilisogea karibu, tukaacha kutafuna. Halafu ikaenda kulia, upande wa korongo. Mara tatu zikawa mara mbili. Ikawa moja. Koko alisema, "Bameenda," na akatugawia chumvi.

Asubuhi ukungu ulipoinuka, wanawake waliokwenda kisimani waliona sanduku la bati likiwa limekwama katika vichaka vya korongo. Paluku alikuwa chini yake, mwisho kabisa wa korongo. Mama alikuwa amejifungua Jumatano, na baba, akijua atakawia naye, alimtanguliza Paluku na vikombe ili mafundi waanze kazi Ijumaa. Vilikuwa vimefungwa vizuri kwa nyasi. Viwili tu ndivyo vilivunjika. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Baba alifika siku iliyofuata. Hakulia mbele yetu. Baada ya mazishi aliketi karibu nami, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza habari za mbuzi: "Siku ile mulipiga jante?"

"Tulipiga, papa," nilisema. "Mpaka mwisho."

Koko alitazama moto. Masika alifungua mdomo, nami nikamkazia macho mpaka akaufunga. Baba akatikisa kichwa.

"Basi ni mimi," alisema. "Nilimutuma peke yake."

Umeme ulirudi, na watu walishangilia. Baba alifunga vile vikombe kwa mikono yake mwenyewe, wala hakukubali kusaidiwa. Mimi nilianza kutoka nje kila alipoingia. Nilipopelekwa Butembo kusoma sekondari, likizo zote nilipata sababu: mara homa, mara kibarua, mara mvua. Watu walidhani nimeupenda mji. Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto, nilipoelewa kwamba hata kama angenipiga, hata kama angenifukuza, neno langu moja lingemtua mzigo, na kwamba ni mimi niliyepaswa kulisema.

Aliishi miaka thelathini na mitatu baada ya siku ile, akiamini ndiye aliyemuua mtoto wake. Sikumwambia. Nilimpoteza kaka yangu alasiri moja, na baba nikampoteza polepole akiwa mzima. Alipokufa nilikuwa Beni, mwendo wa siku moja tu, na sikwenda kumzika.