Viroboto wa Maji

Mwaka mzima nilichota viroboto wa maji, na niliwachukia kila siku.

Vijidudu hivyo vya madimbwini vilikuwa chakula cha samaki wa mume wangu. Alikuwa na tangi la kioo sebuleni, samaki sita wenye mikia myekundu, na tangu kifua kimlaze, baada ya miaka yake yote mgodini, hakuwa na kazi nyingine ila kuwatazama. Chakula cha paketi samaki hao walikitema. Walitaka kitu kinachocheza. Basi kila asubuhi, kabla sijamkanda mgongo wala kuwasha makaa, nilishika ndoo na wavu nilioushona kwa pazia kuukuu, nikaenda kwenye mashimo ya wafyatua matofali, nikainama hadi kiuno kikawaka moto.

Sheria yake ilikuwa moja.

"Mama," aliniambia, "kama hauone batoto ya bachura, usichote ile mayi."

Watoto wa vyura, viluwiluwi, ndio waliokuwa alama, maana huku Kolwezi maji machafu ndiyo yenye uhai. Yale maangavu, yanayokutamanisha kunywa, mara nyingi yamepita kwenye mabaki ya mgodi, na humo hakiogelei kitu.

Niliijua sheria hiyo kuliko sala zangu. Lakini kiangazi kile mashimo yalikauka yakabaki tope, na viroboto wachache nilioambulia walikuwa wamegandamana na udongo. Njiani kuna mfereji wa maji maangavu. Viluwiluwi sikuwaona, wala sikuwatafuta. Nikawasuuza viroboto mle, nikajaza ndoo. Nilikuwa nimechoka, basi.

Nyumbani nikawamimina tangini pamoja na maji yao. Kufika saa sita mchana samaki wote walikuwa wanaelea, matumbo juu.

Nilipowaopoa kwa upawa, kitu cha kwanza kunijia kilikuwa nafuu. Kesho nitalala, nikawaza. Kisha nikaona haya, nikaenda kitandani kwake nikamweleza yote, mfereji na uvivu wangu.

Hakufoka. Alilitazama tangi kwa muda, akihema.

"Ulichoka, mama?"

"Nilichoka, tata," nikamjibu mume wangu.

"Na miye? Ulisha kunichoka?"

Nilimwambia hapana. Nililisema kwa moyo wote, nikamshika mkono. Lakini nilikuwa nimenyamaza kidogo kwanza, na yeye alikuwa ameshageukia ukuta.