Kura ya Kumzika Kanini

Ningekuwa Bedan, Ndung'u angeenda nyumbani na meno mfukoni. Ngumi yangu inajulikana kutoka Githurai 45 hadi Makongeni. Shule niliacha darasa la sita, na mwalimu alishukuru. Lakini Bedan, fundi wa viatu hapa Kiuu na mzee wa kanisa, ukimkanyaga yeye ndiye anaomba msamaha. Nilimwita Sindano Butu, na jina likashika.

Kanini alipokufa, kanisa letu lilikataa kumzika. Lilikuwa limemtenga kitambo kwa sababu alipika pombe ili amsomeshe binti yake Rachael. Na huku, mtu akizikwa bila kanisa, waombolezaji wanaangalia chini na kutoka harakaharaka. Rachael akaja kuwasihi wazee. Wakamwambia angoje nje kwa benchi.

Mimi nilikuwa ndani, maana mkutano gani huo bila mimi? Mwenyekiti Ndung'u alihubiri juu ya pombe mpaka mate yakamkauka. Nikakunja mikono ya shati.

Mwisho Ndung'u, ambaye ulimi wake huchanganya r na l kama wengi wetu huku, akasema, "Haya wazee, tupige kula."

"Ni sawa, mzee mwenyekiti," Bedan akajibu. "Aliyekula kwa Kanini mwaka ule wa njaa ainue mkono."

Hakucheka. Alisema kama mtu anayeamsha mtoto, na mkono wake tayari ulikuwa juu. Tulitazama mabati. Kisha mzee Zacharia akainua wake. Nikainua wangu. Wengine wakafuata. Ndung'u alikuwa wa mwisho, maana kiwanda kilipomfuta, githeri ya Kanini ndiyo ililea watoto wake.

Tulimzika. Lakini usidhani mambo yaliisha vizuri. Ndung'u aliamuru jeneza liombewe nje ya mlango, na mvua ikalipiga. Bedan akavua koti, akalifunika. Jumapili iliyofuata akavuliwa uzee kwa kudharau kiti cha mwenyekiti. Akasema asante, akakaa nyuma. Biblia inasema wapole watairithi nchi. Bedan amerithi kibanda cha viatu.

Rachael hakanyagi tena kanisa letu. Jumapili jioni yeye na Bedan husoma Neno pale kibandani, na nimemwona Zacharia amesimama mlangoni, ameshika kiatu ambacho hakijaharibika, akitafuta pa kuketi.