Oliva Alikataa Kunyamaza

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Bura na mkewe Oliva walikuwa shambani kwao Nambis, wakiziba matuta. Mvua ilikuwa imebomoa mawili. Oliva alimcheka mumewe.

"Mzee, umekuja kulima au kushikilia mpini?"

Kisha akajishika kwapani, uso ukakunjamana. Bura aliona. Siku hiyo aliuliza.

Uvimbe ulikuwa titini miezi saba. Oliva aliuficha, maana kwao nyumba iliyopigwa na balaa hutengwa. Jirani haji kuomba moto, ng'ombe wenu hawanywi maji na wa wengine. Shangazi yake na dada zake wawili walikufa wakificha vivyo hivyo. Watu wakasema ni laana.

Hospitali ya rufaa walimpima damu. Majibu yalipokuja, daktari aliwaeleza taratibu. Ndani ya kila seli mna maelekezo ya kuiongoza, yaitwayo vinasaba. Kila siku yanakatika, kwa jua, kwa moshi, hata kwa kuishi tu. Seli ina mafundi wa kuyaunga. Oliva alizaliwa na kasoro kwa fundi mmoja. Makosa yasiyorekebishwa yakazidi, seli zikaongezeka bila breki. Ndiyo saratani.

"Kwa hiyo si laana," Oliva alisema.

"Si laana, mama. Umerithi."

"Na binti yangu Fabiola?"

"Uwezekano ni nusu kwa nusu. Apimwe. Akijua mapema, tutamfuatilia."

Kaka mkubwa wa Oliva, Margwe, aliposikia alikuja mbio. "Ukisema haya mbele za watu, nani ataoa kwetu?"

Jumapili ukoo ulikaa uani kwa Margwe. Oliva alikuwa amekonda. Bura, ambaye maisha yake yote alinyamaza wakwe wakisema, alisimama kando yake, akamshika kiwiko.

"Shikamoo, kaka," Oliva alisema.

"Marahaba. Kaa chini."

"Sikai. Kasoro hii imetoka upande wa baba. Hata wewe unaweza kuwa nayo, ukawapa binti zako."

"Mimi mwanaume! Nina matiti mimi?"

"Dume halikamuliwi, kaka, lakini maziwa ya mama yake huyapeleka kwa ndama."

Wanawake wakacheka, wakaziba midomo. Margwe hakucheka. Akatamka kwamba nyumba ya Bura itengwe.

Ikatengwa. Oliva alizikwa miezi minne baadaye, waombolezaji wachache. Fabiola alipimwa, akakutwa na kasoro ile. Sasa anachunguzwa kila mwaka, na mpaka leo ni mzima. Mwezi uliopita binti wawili wa Margwe walipita kwa siri nyuma ya zizi la Bura, wakamwomba Fabiola awapeleke nao wakapimwe.

Wapo wanaomuuliza Bura kwa nini hakumzuia mkewe asiivunjie nyumba heshima. Yeye si mtu wa maneno mengi. Huwapa yale Oliva aliyomjibu kaka yake pale uani:

"Tutengeni. Tumezika watatu kwa kunyamaza. Fungeni na njia, binti yangu atakatisha mashambani aende kupimwa."