Ndanu na Kadi Mbili za Batulo

Ndanu anaishi mtaa wa Ziwani, katika nyumba aliyozaliwa, na kwa miaka kumi na minane ameandika programu kwa Emacs, kihariri cha maandishi cha tangu enzi za kale. Mimi, Mureithi, meza yangu inapakana na yake, na nilimcheka bila huruma. Nilimwita mama wa makumbusho. Sisi wengine tulikuwa na zana mpya zinazokumalizia mstari kabla hujauwaza na kukupendekezea marekebisho, kazi yako kubonyeza tu. Yeye, kihariri chake kisipojua jambo, hukifundisha: huandika amri ya mistari mitano, huipa jina, kisha huendelea na chai yake.

Kiarie, bosi wetu, alikuwa amempa hadi Ijumaa aachane na kihariri hicho. Alhamisi saa nne asubuhi simu ya Ndanu ikalia. Alikuwa Kawsar, wa mapokezi katika zahanati ya uzazi ya Eastleigh inayotumia programu yetu ya kadi za wagonjwa.

"Ndanu, dada yangu, kuna Batulo Nuradin Magan ameletwa na jirani, hajijui hajitambui. Daktari anataka kumpasua saa hii, mtoto anachoka. Lakini kadi inasema penisilini inamdhuru, na ile dawa ya badala yake pia inamdhuru. Daktari anauliza, ampe gani ya kukinga kidonda?"

Nikajua ni kazi ya mikono yangu. Jumanne zana yangu iliniambia kuna kadi zilizojirudia, jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa, je, niziunganishe? Nikabonyeza ndiyo. Sikufikiria kwamba pale Eastleigh watu wengi waliokuja kama wakimbizi wameandikiwa tarehe mosi Januari, kwa kuwa siku yenyewe haijulikani, wala kwamba Batulo Nuradin Magan wanaweza kuwa wawili.

"Fungua nakala ya Jumatatu, ya kabla kadi hazijaunganishwa," Ndanu akaniambia.

Nikaifungua. Lilikuwa faili moja refu ajabu. Zana yangu ikaganda, kidude kikazunguka katikati ya kioo. Ndanu hakuningoja. Faili lilishafunguka kwake, na kadi mbili za Batulo zilikuwa mbele yake. Moja ilikataza penisilini, nyingine ilikataza ile ya badala. Mbali na hapo zilifanana kila kisanduku.

"Kawsar, wewe huandika jina la mama kwenye maelezo, si ndiyo?"

"Lazima. Kwetu majina yanafanana, mama ndiye anatofautisha. Lakini nyinyi hamkutuwekea kisanduku."

"Muulize jirani mamake anaitwa nani."

Akaiacha simu wazi. Nilisikia mtu akikimbia na mlango ukigongwa. Vidole vya Ndanu vilikuwa tayari vinaandika amri ya kuchota kila jina la mama humo kwenye maelezo, liwe limeandikwa "mama", "mamake" au, kwa lugha yao, "hooyo".

"Ruqiyo! Anasema Ruqiyo!"

"Basi ni huyu aliyekatazwa penisilini. Msimpe. Mpeni ile nyingine."

Simu haikukatwa. Tulikaa tumeikodolea macho, Kiarie amekuja kusimama nyuma yetu. Nilimwomba Mungu kwa Kikuyu, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu mamangu afariki. Dakika ishirini na tatu baadaye Kawsar akarudi, analia na kucheka. "Msichana. Na mama anapumua vizuri."

Kiarie akashusha pumzi, kisha akauliza, "Nani aliunganisha hizi kadi?"

Ndanu alijua. Hakunitazama. Aliita tena amri yake, safari hii juu ya faili zima, na majina yakateremka: jozi thelathini na nane za watu wawili niliowafanya mmoja. Kumi na mmoja kati yao walikuwa wamechukua dawa tangu Jumanne.

"Ni mimi," nikasema.

Nikavuta simu ya mezani, nikapiga nambari ya kwanza kati ya wale kumi na mmoja. Iliita, ikaita, ikaita.