Nilikuwa kipa uwanja wa Juba, na aliyekuja kupiga penalti ni kaka yangu tuliyekwisha kumlilia matanga

Wakuu habari za jioni. Wazee wenzangu shikamooni, vijana salama?

Mimi ni mzee wa hapa Juba. Mjukuu ndiye aliyeniingiza humu na siku zote nasoma tu na kucheka peke yangu. Lakini jana kuna bwana mdogo kaandika kwamba uwanja wetu, kabla ya kukarabatiwa, ulikuwa malisho ya mbuzi na haujawahi kuona kitu cha maana.

Nimeshindwa kulala vizuri kwa hasira. Ngoja niwaambie uwanja huo ulinionyesha nini. Sitii chumvi hata kidogo, na mke wangu amekaa hapa pembeni, nikipotosha atanipiga kiwiko.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Vita vya Kusini mwa Sudan vimekwisha, amani imerudi, na sisi tuliokuwa Uganda tumerudi nayo.

Kwanza mjue familia yetu. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa Uganda, kwa hiyo mimi na kaka yangu Eliaba tulikulia huko, na Kiswahili chetu cha nyumbani ni kile cha kambi ya vibarua. Eliaba ndiye aliyenifundisha mpira. Yeye anapiga, mimi nadaka.

Alipomaliza kumuoa Kiden, hata mwaka haukuisha, akarudi Sudan akaingia porini kupigania Kusini. Baadaye mwenzake mmoja akaja kambini akatuambia Eliaba amepigwa risasi wakivuka mto, maji yamemchukua.

Tukalia. Matanga yakakaliwa bila maiti. Mama alinyoa nywele.

Muda ukapita, wazee wakakaa, wakanikabidhi Kiden. Kwa desturi ya kwetu mdogo mtu anamchukua mjane wa kaka yake, na mtoto wa kwanza anapewa jina la marehemu na kuhesabiwa kuwa wake. Mimi sikuulizwa. Kiden pia hakuulizwa. Mtoto alipozaliwa tukamwita Eliaba.

Najua humu mtapiga kelele, lakini ndivyo ilivyokuwa. Na niseme ukweli, mwanzoni tulikuwa tunaoneana haya tu. Tuliporudi Juba na kupanga mtaa wa Atlabara ndipo nilipogundua nampenda huyu mwanamke vibaya sana.

Sasa turudi uwanjani.

Ulikuwa vumbi tupu, hilo nakubali. Jukwaa moja la wakubwa, pande nyingine watu wanasimama mpaka wanakanyaga mistari ya chaki. Nyavu za magoli zilishonwa na wavuvi. Lakini mashindano ya mikoa yakija, mji mzima unahamia pale. Wau wanakuja kwa lori, wamejaa vumbi mpaka kope. Malakal wanakuja kwa meli. Kuna mara moja meli yao ilikwama kwenye majani ya mto wakafika mashindano yamekwisha, tukacheza nao mechi ya kirafiki ili wasirudi bure.

Mwaka ninaousema mimi nilikuwa kipa wa Juba. Nusu fainali ni sisi na Wau.

Kipindi cha pili Wau wakaingiza mtu mpya. Mrefu, ndevu nyingi, anachechemea kidogo. Watu wakamcheka. Mimi niko mbali, wala sikumjali.

Beki wetu akashika mpira kwenye boksi. Penalti.

Yule wa ndevu akaja kupiga. Akaupangusa mpira tumboni, akauweka chini, akatema mate pembeni, akarudi kinyumenyume bila kutazama nyuma.

Wakuu, mwili wangu ulijua kabla yangu. Hivyo hivyo ndivyo Eliaba alivyokuwa akinipigia kule kambini. Nikasema hapana, watu wanafanana. Kisha akainua uso akanitazama, na nikamwona naye anatoa macho.

Refa akapuliza. Sijui alipiga vipi, nadhani hata yeye hajui. Mpira uliingia katikati, pale pale nilipokuwa, ukanipita ubavuni. Nilisimama kama nguzo.

Wenzake wakamrukia. Akawasukuma, akaja mpaka ndani ya goli kama anayeufuata mpira. Akainama, akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Mama iko?"

"Iko."

"Wapi?"

"Atlabara."

"Na Kiden?"

Refa akaja kumfukuza. Nilimshukuru Mungu kwa refa yule.

Mpaka leo sijui mechi ile iliendeleaje. Nakumbuka likaingia jingine, na mashabiki wakanitukania ukoo. Kapteni wetu aliapa kwamba Wau wamenifanyia dawa. Mimi nilikuwa namtazama mtu mmoja tu, anachechemea huko mbali, na bado napaswa kulinda goli!

Filimbi ya mwisho ikalia tukakutana katikati. Tulishikana tukaanguka. Watu wakadhani tunapigana, askari wakaja kutuachanisha.

Njiani akanieleza. Risasi ilimpata kweli, ya nyonga, lakini mto ulimtupa upande wa pili. Wakambeba mpaka Kongo, akaugua huko muda mrefu. Amani ilipokuja akaingizwa jeshini, akapelekwa Wau. Alituma watu kule shambani Uganda kututafuta, wakakuta tumeondoka. Mpira ulikuwa njia yake ya kufika Juba kutuulizia.

Halafu akarudi kwenye swali lake lile lile.

"Kiden aliolewa?"

"Aliolewa."

"Na nani?"

"Twende nyumbani kwanza."

Tulipofika uani mtoto akanikimbilia, "Baba! Baba!", akanishika mguu. Mama akamwita kutoka jikoni, "Eliaba, acha baba yako apumue!"

Kaka yangu akasimama. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Nilitamani anipige.

Mama akatoka kuona nimekuja na nani. Ukelele alioupiga, majirani walikuja mbio huku wanalia tayari, wakijua kuna msiba. Kisha akamzuia mlangoni. Mtu aliyeliliwa matanga haingii ndani hivi hivi. Akaleta maji kwenye kibuyu, akamnyunyizia kichwani na miguuni, ndipo akamkumbatia.

Kiden alirudi kutoka mtaa wa Hai Cinema, alikokuwa anauza maandazi. Beseni kichwani. Alimwona. Hakuangusha kitu. Alitua beseni taratibu, akafunika maandazi na kitambaa vizuri, ndipo akakaa chini mavumbini.

Asubuhi baba mdogo akaja kutoka Gurei, pembeni mwa mji, na wazee wawili. Kikao hakikuwa kirefu.

"Mahari ni ya Eliaba," baba mdogo akasema. "Bibi ni ya Eliaba. Mutoto iko na jina ya Eliaba. Wewe ulikuwa unachunga tu. Mwenyewe amerudi. Kalas, imeisha."

Wakuu, nilihisi kama nimevuliwa nguo mbele za watu. Na ubaya ni kwamba alikuwa sahihi! Kwa desturi hakuna mahali nilipoweza kushika. Nimempata kaka, na kwa saa hiyo hiyo natakiwa nimpe mke na mtoto. Nilimchukia kaka yangu kwa kuwa hai, kisha nikajichukia mimi.

Kiden alikuwa amekaa nyuma na mama. Hakuna aliyemuuliza. Akasimama mwenyewe.

"Huyu nililia mpaka machozi ikaisha," akasema, akimwonyesha Eliaba. "Sasa munataka nilie huyu mwingine, na yeye iko mzima?"

"Mwanamke, hii maneno si yako."

"Ni yangu. Mara ya kwanza mulinipa kama mbuzi, nikanyamaza. Leo hapana."

Wote tukamtazama Eliaba, kwa sababu neno lilikuwa lake. Alikaa ameinamisha kichwa mpaka nikadhani analia. Kisha akamwita mtoto, akamsimamisha katikati ya magoti yake.

"Huyu mulimuita Eliaba kwa sababu Eliaba alikufa," akasema. "Eliaba hajakufa. Iko hapa, anakula chakula yenu. Mimi nachukua jina yangu. Mupe mutoto jina yake mwenyewe."

Baba mdogo alielewa kabla yangu. Mtoto akivuliwa jina la kaka, si wa kaka tena. Ni wangu. Na mama yake haendi popote. Na anayeweza kulichukua jina hilo ni mwenye jina peke yake.

Nililia mbele ya wazee kama mtoto mdogo. Kijana tukamwita Samweli, na kwa muda mrefu ukimwita hivyo anageuka kutafuta ni nani.

Fainali Wau walicheza na Malakal wakafungwa. Sisi tulikaa juani tunaishangilia Wau, watu wa Juba nusura watupige.

Baada ya mechi lori lao lilikuwa linangoja nje ya uwanja. Kiden alimletea Eliaba maandazi ya safari. Akayapokea bila kumtazama usoni. "Kaa vizuri," akamwambia, akapanda.

Lori lilipoondoka Kiden akaegemea ukuta wa uwanja akalia, kilio ambacho sikuwahi kukisikia hata wakati wa matanga. Nilisimama karibu yake nikiwa nimembeba Samweli. Sikumwambia anyamaze.

Nilichojifunza: msimzike mtu kwa maneno ya shahidi mmoja. Na mnapogawana watu, waulizeni wenyewe. Wazee wetu walikuwa na nia njema, lakini walitugawa kama vyombo vya jikoni.

Sasa semeni wakuu. Wewe ungekuwa Eliaba, ungelichukua jina au ungemchukua mke? Mimi nimeuliza swali hili maisha yangu yote na Kiden anakataa kunijibu.