Aliyekataa Aeleze

Asubuhi ile nilikuwa napika sabuni ya mawese uani, mjini kwetu mashariki mwa Kongo. Wazazi walikuwa wamekwisha kufa, nami, mkubwa, nilikuwa nimeacha shule niwalishe wadogo zangu, Bahati na Furaha. Furaha alikuwa na miaka kumi na miwili.

Majirani walipita na magodoro kichwani, wakikimbia vita.

"Yaya, twende," alisema Furaha; kwetu ndugu mkubwa huitwa yaya. Bahati naye alitaka twende.

Nikakataa. Sabuni ikiachwa kabla ya kushika, yaani kuwa nzito, huharibika, na sabuni ndiyo iliyotulisha. Kwetu mkubwa akikataa, neno limekwisha.

"Ngojeni ishike."

Bahati akashika mwiko, akanisaidia kukoroga.

Risasi zikatoboa ukuta.

Bahati alianguka. Alikufa palepale.

Tulikimbia bila kumzika.

Katika kambi ya wakimbizi, siku ya kumaliza matanga, Furaha alinikalisha mbele ya shangazi na majirani, maana kwetu matanga hayaishi kabla chanzo cha kifo hakijasemwa. "Wewe ndiye uliyekataa, yaya. Sema kwa nini."

Nilisema yote. Hakunitukana. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha tukala sahani moja.

Miaka ikapita. Tulihamishiwa Toronto, ng'ambo; mimi nikawa mfanyakazi wa ghala huko Malton, yeye mwanafunzi wa chuo kikuu kilicho jirani na magorofa tuliyokaa, mtaa wa Jane na Finch. Jumamosi moja nilimfuata mkutanoni chuoni. Alizungumza balozi wa taifa kubwa, ambalo lilikuwa limepiga kura ya turufu kuzuia azimio la kupeleka chakula kwenye mji uliozingirwa vitani, mbali na kwetu.

Furaha akasimama. "Mheshimiwa, mnayo haki ya kukataa. Mtakwenda lini kuwaeleza watu wa mji ule sababu?"

"Suala hilo ni refu, binti."

"Nimekuja na daftari."

Ukumbi ukacheka. Balozi akatazama saa, akaomba swali jingine.

Ndani ya basi nilimwambia, "Umembana mzee wa watu mpaka katoka jasho!"

"Hajajibu, yaya. Kesho namwandikia."

Akaandika, yeye na wenzake, mwezi baada ya mwezi. Mimi sina moyo ule.

Chakula hakikupita. Na maelezo yangu hayakumrudisha Bahati. Furaha alipata jibu tu, tena jibu baya, kutoka kinywani mwangu. Watu wa mji ule waliwazika wafu wao, na aliyekataa hajawatazama usoni.