Bibi Aliita, Sisi Tulikuwa Tunacheza Gemu

Sisi tuliokulia Kinondo kabla ya kila mkono kushika simu, tulirudi nyumbani na vumbi hadi kwenye kope. Tulicheza rede na mdako, tukarusha tiara za karatasi za gazeti, tukakimbilia mihogo ya kuchoma ikiwa bado inaunguza vidole. Watoto wa leo hawana hata kovu la goti. Wanaoanguka ni wale wa kwenye kioo cha simu.

Lakini siwezi kuwacheka sana. Kwetu gemu iliingia mapema.

Mjomba wetu, baharia, alituletea mashine ya gemu akaiunganisha na televisheni ya sebuleni. Nilikuwa na miaka kumi, kaka yangu Salimu kumi na miwili. Mama aliuza mahamri Ukunda, baba alikuwa mpishi hotelini Diani, nasi tulibaki na Bibi Mwanatumu, mamake baba. Ndiye aliyetusomesha Kurani, na baada ya magharibi alitutolea hadithi huku akisuka ukili wa mikeka.

Haukupita mwezi. Salimu akawa anasinzia darasani, na akishindwa kwenye gemu alinipiga makofi. Mimi niliyekuwa nimehifadhi sura nyingi nikaanza kukwama katikati, masikioni mwangu magari ya gemu yakinguruma. Bibi alitukanya. Tulimwitikia "naam" bila kumtazama.

Alasiri moja aliita kutoka uani.

"Salimu, baba, njoo univutie maji."

"Naja, Bibi! Namaliza hii."

Akangoja, kisha akaniita mimi. "Mwanaisha!"

Nilikuwa karibu kushinda. Nikaongeza sauti ya televisheni.

Tulichosikia baadaye kilikuwa yowe. Tulimkuta kando ya kisima, amelala ubavu kwenye tope, kamba ingali mkononi. Nyonga ilikuwa imevunjika.

Mama alipofika mbio, aliuliza, "Watoto walikuwa wapi, mama?"

Bibi, jasho likimtiririka, akajibu, "Walikuwa wakidurusu. Mimi ndiye niliyejitia ujana."

Salimu alinitazama. Uongo huo tukauacha usimame. Na la aibu kuliko yote ni hili: kesho yake, wazazi wakiwa hospitalini, tuliiwasha mashine tukacheza.

Bibi hakusimama tena. Alilala miezi minne, vidonda vikamla mgongo, hadi Mwenyezi Mungu alipomchukua. Hata siku moja hakutusema. Kila nilipomsaidia mama kumgeuza nilitaka kumwomba radhi, nikaishia kumnyooshea shuka. Matanga yalipokwisha, Salimu aliibeba mashine akaitumbukiza chooni. Baba hakumpiga, alidhani ni majonzi tu.

Mwaka jana nilimtembelea Salimu huko Jego, anakoishi na mkewe. Kwa mara ya kwanza nilimwuliza kama anaikumbuka alasiri ile.

"Mwanaisha, watu wakinisifu kwamba tulimuuguza Bibi vizuri, natamani ardhi inimeze."

"Tumwambie mama?"

"Mama ana amani yake. Mwache nayo."

Siku hizi watu wa rika langu tukikutana hulalamika kwamba simu zimetuharibia watoto. Ni kweli. Kifungua mimba wangu hamalizi ukurasa mmoja wa kitabu bila kuigusa simu yake, na mdogo wake akipokonywa hulia hadi kutapika. Mwalimu wao ameniita mara mbili. Lakini sisi tulikuwa na mtu uani aliyetuita kwa majina yetu, na kukataa kwenda kulikuwa kosa letu wenyewe. Hawa wangu hawana. Mimi hurudi kutoka kazini Diani jua limeshazama, nikawakuta kila mmoja kwenye pembe yake, uso ukimulikwa na mwanga wa kioo, na tangu asubuhi hakuna aliyewaita.